Fulana ya kuzuia risasi ndani ya kitenge: jibu kwa mnunuzi wa mpunga wa Ubaruku

Swali: "Shikamoo dada. Mimi nanunua mpunga Ubaruku na vijiji vya jirani, nakoboa, nauza mchele Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kuanzia Mei mpaka Julai natembea na fedha taslimu, maana wakulima wengi wa huku wanataka hela mkononi kabla gunia halijapanda gari. Msimu uliopita mwenzangu alivamiwa njia ya mashambani akiwa kwenye bodaboda, wakamkata panga la bega na kuondoka na mkoba. Sasa kuna kijana Tunduma ananiuzia fulana ya kuzuia risasi, imeandikwa IIIA, anataka shilingi 350,000. Anasema inazuia kila kitu, risasi mpaka panga. Mimi nataka ya kuvaa ndani ya nguo, watu wasijue, na joto lisinimalize. Niichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Mpe mwenzako pole zangu, na umwambie asiache mazoezi ya mkono hata kidonda kikishafunga, kwa sababu bega likiachwa hukakamaa.

Usiichukue. Nimesindikiza fedha kwa miaka 14, gari letu likitoka Iringa, Mafinga, Makambako hadi Mbeya, na tangu nilipoacha kazi hiyo nafundisha walinzi namna ya kuvaa na kutunza fulana hizi. Hiyo kauli ya "inazuia kila kitu" nimeisikia kwa wauzaji wengi, na kila mara aliyeumia ni mnunuzi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mwenzako alikatwa panga, tena begani. Fulana ya IIIA haifuniki bega, na haikutengenezwa kwa ajili ya chuma chenye makali. Kijana anakuuzia dawa ya malaria wakati wewe umevunjika mguu.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapo hakuna muuzaji atakayekuzungusha. Ndani ya fulana laini kuna safu nyingi za kitambaa cha nyuzi ngumu kupita kiasi. Uzi maarufu zaidi ni Kevla, uliogunduliwa mwaka 1965 na mkemia mwanamke, Stephanie Kwolek, katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Walikuwa wanatafuta uzi mwepesi wa kuimarisha matairi ya magari. Risasi ya bastola ina kichwa butu na laini. Ikigonga zile safu hubonyea na kutanuka, nyuzi zinaidaka kwa pamoja kama wavu wa goli unavyodaka shuti, na nguvu yake inasambaa kwenye eneo pana. Kisu ni kitu kingine. Ncha yake hutafuta nafasi kati ya uzi na uzi, inazisukuma pembeni, inaingia, halafu makali yanamalizia kazi.

Kwenye mafunzo huwa sibishani na mtu. Nachukua gunia la pumba, nalifunga paneli ya zamani ya IIIA, yaani lile fungu la safu za kitambaa linalokaa ndani ya fulana, ambayo imewahi kusimamisha risasi ya bastola na alama yake bado inaonekana. Kisha nampa mlinzi kisu chembamba cha jikoni, cha kumenyea viazi. Mara ya kwanza anachoma kwa woga, kinakwama. Mara ya pili anakishika vizuri na kusukuma kwa uzito wa mwili, na kinaingia mpaka kwenye mpini, pumba zinamwagika kwenye ule mpasuko. Bisibisi nayo hupita hivyo hivyo. Chumba chote hunyamaza, kwa sababu wengi wao wamevaa fulana ya aina hiyo hiyo na walikuwa wakijiona wako salama.

Panga liko katikati ya risasi na kisu. Likipigwa kwa makali juu ya Kevla, mara nyingi halipasui kitambaa chote, ila mbavu zinaweza kuvunjika chini yake. Shida ni kwamba panga haliji kifuani. Linakuja kutoka juu, na mtu anayeliona likija huinua mkono na kuinamisha kichwa. Ndiyo maana majeraha yake yako kichwani, begani, kwenye kigasha na vidoleni. Hakuna fulana ya kuficha ndani ya nguo inayolinda sehemu hizo. Kwa safari zako za bodaboda, helmeti ngumu yenye mkanda uliofungwa itakulinda na panga kuliko fulana yoyote ya Tunduma, tena itakulinda na kuanguka.

Sasa hayo maandishi, IIIA. Yanatoka kwenye kiwango cha taasisi ya haki ya Marekani inayojulikana kwa herufi NIJ, toleo la mwaka 2008. Fulana laini zina madaraja matatu hapo: IIA, II na IIIA, zote kwa ajili ya bastola, kila moja ikizidi kidogo ile ya chini yake. Juu yake kuna III na IV, ambayo ni mabamba magumu ya kuzuia bunduki. Mwaka 2023 likatoka toleo jipya lililobadilisha majina: daraja la II sasa ni HG1, IIIA ni HG2, IIA imeondolewa, na mabamba ya bunduki yanaanza na RF. Utakutana na majina yote mawili sokoni kwa miaka kadhaa, usichanganyikiwe. Visu vina kiwango chao peke yake, chenye madaraja 1, 2 na 3. Wanadondosha kisu kwenye fulana kwa nguvu iliyopimwa, jouli 24 kwa daraja la 1, 33 kwa la 2 na 43 kwa la 3, na ncha hairuhusiwi kutokeza upande wa mwili kwa zaidi ya milimita 7. Waingereza nao wana kipimo chao cha visu, utakiona kimeandikwa KR1 au KR2. Kwa hiyo fulana ikiandikwa IIIA tu, bila neno lolote la kisu, muuzaji amekwishakuambia kwa maandishi kwamba kisu hakikupimwa.

SMG, jina ambalo huku tunaiita AK-47, yaani ile bunduki ambayo kila mtu anaijua kwa magazini yake iliyopinda, inapita kwenye fulana laini yoyote, iwe HG1 au HG2. Risasi yake ina mwendo wa mita zaidi ya 700 kwa sekunde na ncha iliyochongoka. Ili uizuie unahitaji bamba la kauri au chuma mbele na jingine nyuma, na mabamba hayo hayafichiki ndani ya blauzi. Gobore nalo ni hatari kwa namna yake: anayelishindilia anatia gololi, vipande vya nondo, chochote, na baruti kwa kukadiria. Vipimo vya risasi vya NIJ vinafanywa kwa risasi za aina na mwendo uliopangwa, kwa hiyo hakuna lebo inayoweza kukuahidi kitu mbele ya gobore.

Mimi ningekuwa wewe, ningetafuta fulana ya mchanganyiko, yaani iliyopimwa risasi na kisu kwa pamoja, daraja la II au HG1 kwa risasi na daraja la 1 kwa kisu. Najua utashangaa kwa nini nakushusha kutoka IIIA. Kila ukipanda daraja unaongeza safu, na kila safu ni uzito, ugumu na joto. Fulana ya daraja la chini kidogo unayoivaa kutoka Ubaruku hadi Uyole inakulinda safari nzima. Ile nene utaivua njiani, Chimala, ukaikalie. Daraja la 1 la kisu linafaa kuvaliwa kwa muda mrefu chini ya nguo. Madaraja ya 2 na 3 ni mazito na magumu zaidi, na ukiyavaa siku nzima sokoni utatembea kama mtu aliyevaa debe.

Hili la kuvua nalijua kwa mwili wangu. Kampuni iliyoniajiri ilinunua fulana za wanaume, saizi moja kwa wote, na sisi wanawake wanne tukagawiwa zilizobaki. Yangu ilikuwa bapa kama kipande cha mkeka. Kifua kiliisukuma mbele, ikaacha uwazi kwapani ambao mkono mzima ungeingia. Nikikaa kwenye kiti cha gari, ukingo wa chini uligota kwenye paja na ukingo wa juu ukanisukuma koo. Nikawa naivua tukishatoka mjini na kuiweka kitini. Siku moja tulisimama kujaza mafuta, nikashuka kulipa, na wanaume wawili wakafika na pikipiki, mmoja akiwa na bastola nje. Walichukua mauzo ya kile kituo na kuondoka bila kufyatua. Nilisimama pale na sweta tu mwilini, naiona fulana yangu kwa kioo cha gari, hatua sita kutoka nilipo. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu akiniuliza fulana gani ni bora, swali langu la kwanza kwake ni kama ataweza kukaa nayo saa nne.

Kwa hiyo omba fulana ya kike, na usikubali kuambiwa ni urembo. Ziko za namna mbili. Moja ina paneli iliyoshonwa au kufinyangwa ikapata umbo la kifua. Nyingine ni bapa lakini laini sana, inajikunja kufuata mwili. Kwa mwanamke mwenye kifua kidogo ile bapa inatosha na inafichika vizuri zaidi. Kwa mwenye kifua kikubwa, ya umbo ndiyo inayoziba ule uwazi wa kwapa. Sidiria yenye waya iache nyumbani, maana fulana itaubana huo waya kwenye mbavu mchana kutwa.

Vipimo usimpe muuzaji kwa kukisia. Mwite fundi cherehani wako aje na futi yake, uvae nguo nyepesi, akupime kifua kwenye sehemu iliyojaa, chini ya kifua, na kiuno usawa wa kitovu. Halafu kaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa sababu wanapimwa wakiwa wamesimama. Akupime kutoka kwenye kile kishimo cha chini ya koo kushuka hadi kitovuni ukiwa umekaa. Paneli ya mbele ianze vidole viwili hivi chini ya kishimo na iishie vidole viwili juu ya kitovu. Nyuma inaweza kushuka kidogo zaidi, ila isigote mkanda. Ubavuni, paneli ya mbele iipande ya nyuma kwa sentimita chache, mbele ikiwa juu. Ikifika, ivae na ujaribu kazi zako: inama kama unayeshika gunia, nyoosha mikono juu, panda bodaboda, kaa kama uliyebanwa katikati ya watu watatu kwenye Noah. Kiganja chako kilicholala bapa kipite kati ya fulana na mwili. Kisipopita umeibana mno na hutapumua vizuri. Ikipita ngumi, itazunguka mwilini na kuacha ubavu wazi.

Kuficha. Hapa barabara yako ina ugumu ambao mtu wa Dar es Salaam hataujua. Asubuhi ya Juni Mwanjelwa kila mtu amevaa jaketi, sweta, na shali juu yake. Ukivaa fulana chini ya sweta la kufuma hakuna atakayekutazama mara mbili. Ukishuka Inyala, ukapita Igurusi na Chimala, ukafika bondeni Usangu saa saba mchana, mwanamke mwenye jaketi kati ya wapura mpunga waliovua mashati ni tangazo. Watu hawataiona fulana, wataliona jaketi, na watajiuliza linaficha nini. Kwa hiyo nguo ya juu ifikirie kwa ajili ya Ubaruku, halafu sweta liwe la kuvaa na kuvua. Kitenge chenye maua makubwa na rangi nyingi kinaficha mistari ya ukingo kuliko kitambaa cha rangi moja. Gauni au blauzi iliyoachia kidogo kuanzia kifuani, saizi moja juu ya unayovaa siku zote, inatosha. Mwambie fundi akupandishe shingo kidogo, kwa sababu mkanda wa begani ndio unaochungulia kwanza. Ganda la nje la fulana, yaani ule mfuko unaoshika paneli, chagua kijivu au kahawia inayokaribia rangi ya ngozi yako. Leupe huonekana ndani ya nguo nyepesi, jeusi pia.

Simama mbele ya kioo na mtu unayemwamini akutazame mgongoni ukiinama. Mgongo ndio husahaulika, ukingo wa chini huchora mstari kama wa kopo. Kuna jambo jingine ambalo hakuna nguo inayoliweza, nalo ni kukumbatiana. Ukitoka kanisani au ukikutana na shoga yako sokoni, mkono wake ukigusa mgongo wako atajua mara moja. Jizoeze kutoa mkono kabla hajafika, au umshike mabega wewe. Na usimwambie mtu. Dereva akijua leo, kesho kijiwe kizima cha bodaboda kinajua, na anayetaka kukuvamia atakuja akijua mahali pa kupiga.

Kuhusu joto nitakuwa mkweli kwako: hakuna fulana ya kuzuia risasi isiyo na joto. Muuzaji anayesema yake ina ubaridi anasema juu ya ganda la nje, siyo paneli. Unachoweza kufanya ni kupunguza jasho kukaa kwenye ngozi. Watu wengi huvaa fulana ya pamba chini yake wakidhani pamba ni baridi. Pamba hunywa jasho ikabaki mbichi, na ifikapo saa tisa unahisi umefungwa kitambaa cha kupigia deki. Vaa jezi nyepesi ya michezo iliyokaa mwilini, isiyo na mshono mnene kwapani wala begani. Wiki mbili kabla ya msimu anza kuivaa nyumbani, saa moja siku ya kwanza, mbili siku inayofuata, ukifagia na kupika nayo, na unywe maji zaidi ya ulivyozoea. Paneli nyingi hulainika na kushika umbo la mvaaji baada ya siku kadhaa. Ikiwa safari ya siku hiyo haina fedha, iache nyumbani na mwili upumzike.

Kuitunza ni rahisi mno, lakini watu huua fulana nzuri kwa usafi. Toa paneli, fua ganda peke yake kwa sabuni ya kawaida. Paneli yenyewe ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo. Isiloweke, isipigwe pasi, isiguswe na jiki, na usiianike juu ya bati wala uiache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani. Jua hula nyuzi za Kevla, na zile zinazotengenezwa kwa polietilini haziwezi joto kali. Ilaze bapa kitandani au kabatini. Ukiitundika kwenye henga miezi yote ya masika utakuta imeshuka na kujikunja, na mkunjo wa kudumu ni sehemu dhaifu.

Hapo ndipo narudi kwa kijana wa Tunduma, maana fulana za kuzunguka mkononi nyingi ni mtumba. Mwaka juzi mfanyabiashara wa Iringa aliniletea yake nimwangalizie. Lebo ilikuwa imekatwa kwa wembe, ikabaki ncha ya uzi. Nilipoishika karibu na pua ilinuka ukungu. Katikati kulikuwa na mstari wa kukunjwa, kama boksi lililowahi kupigwa nusu. Nikatoa paneli. Paneli ya kiwandani huwa ndani ya mfuko wa nailoni uliozibwa kwa joto pande zote ili unyevu usiingie. Ya huyu baba ilikuwa imeshonwa upya kwa cherehani, mshono wa zigizaga, uzi mweusi. Mtu aliifungua na kutoa baadhi ya safu, pengine ili atengenezee fulana nyingine. Alilipa laki nne na nusu.

Lebo halisi hukaa kwenye ganda na pia kwenye paneli yenyewe, nayo ina jina la mtengenezaji, namba ya modeli, namba ya bidhaa, daraja, saizi, tarehe ya kutengenezwa na upande unaokaa mwilini. NIJ wana orodha ya modeli zilizofaulu, iko wazi kwenye tovuti yao, tafuta namba ya modeli humo herufi kwa herufi. Maneno "imetengenezwa kwa kiwango cha NIJ" hayana maana ileile na kuwemo kwenye orodha. Kupita huko siyo lelemama. Kwa lile toleo la 2008, fulana huzungushwa ndani ya mashine kwa siku 10, joto nyuzi 65 na unyevu wa asilimia 80, ndipo inapigwa risasi. Na ikishapigwa, bonyeo kwenye udongo uliowekwa nyuma yake lisizidi milimita 44.

Tarehe ni muhimu kuliko bei. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya paneli kwa miaka 5. Ipo pia nyuzi moja inaitwa Zylon, iliyokuwa nyepesi na ya starehe, watu wakaipenda. Mwaka 2003 polisi mmoja wa Marekani alipigwa risasi ikapita kwenye fulana yake ya Zylon. Uchunguzi ukaonyesha nyuzi zile zinapungua nguvu zikipata unyevu na joto, na mwaka 2005 NIJ wakaacha kuzitambua. Fulana nyepesi ajabu, ya bei ya kutupa, ya miaka ile ya mwanzoni mwa 2000, iogope. Mpya iliyo kwenye orodha inauzwa kwa mamia ya dola, na ikiwa ya mchanganyiko inazidi hapo. Hiyo ni bei ya magunia kadhaa ya mchele wako, najua. Ndiyo maana sitaki utoe laki tatu na nusu kwa kitu cha kutupa.

Kabla hujaagiza popote, andika barua kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya ya Mbarali, ueleze biashara yako na unachotaka kununua, subiri jibu la maandishi lenye mhuri, na ulizia forodha ya TRA taratibu za kukiingiza. Nakala moja ya majibu hayo kaa nayo kwenye mkoba siku zote. Usichukue ganda lenye rangi ya mabakabaka wala lililoandikwa Polisi, hata likiwa la bure. Mwaka 2023 jeshi letu, JWTZ, liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi, na hutaki kueleza mabakabaka kwenye kizuizi cha barabarani usiku.

Ukivamiwa na fulana iko mwilini, toa mkoba. Fulana ni ya ile risasi ya bahati mbaya au kisu cha mtu mwenye woga, siyo ya kukupa kifua cha kubishana. Ukipigwa ikazuia, bado nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama unatembea, kwa sababu ubavu uliovunjika au ini lililotikiswa halionekani kwa nje. Pitia polisi upate PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, kama hali inaruhusu. Na hiyo fulana imekwisha kazi, hata ikiwa na tundu dogo upande mmoja tu, usiirudie wala usimuuzie mwingine.

Kwa msimu huu, kabla hujakusanya fedha ya fulana ya kweli, ile 350,000 ina kazi. Nunua helmeti mbili nzuri, yako na ya bodaboda wako. Lipia makato ya kutuma kwa simu kwa kila mkulima atakayekubali, hata kama utambebea wewe na gharama ya kutoa, na utaona wangapi watakubali ukiwaambia hivyo. Kwa wale watakaokataa, gawa safari: mzigo mdogo wa fedha asubuhi, mwingine siku nyingine kwa njia tofauti, na jua lisikuzamie kabla hujafika Rujewa. Vipimo vyako vya kukaa kwenye kigoda nitumie, nitakuambia saizi.